Mgeni Ako Likizo, Kijana Wetu Anakaa Tu

Masomo: 2 Wafalme 4:8–17, Mathayo 20:1–16, Kutoka 23:10–11



Shule zilifungwa Ijumaa tarehe 24 Oktoba. Jumatatu yake, hata saa tatu haijafika, nilimkuta dada yetu mgeni ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa. Amevaa viatu vyake vya kufundishia, daftari liko mapajani, kalamu mkononi. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha miezi miwili, "Pasta, leo nifanye nini?"

Wengi wenu mnamjua. Ni yule binti wa Ujerumani anayekaa kwa Mama mmoja wa hapa hapa kanisani. Alikuja mwanzoni mwa Septemba kupitia weltwärts, mpango ambao serikali yao ilianzisha mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28 wanaotaka kujitolea nje ya nchi. Atakuwa nasi mwaka mmoja. Kazi aliyopewa ni kufundisha Kiingereza na nyimbo katika Gredi ya 4 na ya 5, kwenye shule ya msingi iliyo jirani. Kitu ambacho hakuna aliyemweleza sawasawa ni kalenda yetu, na aliyepaswa kumweleza ni mimi, kwa sababu barua ya mwaliko niliisaini mimi. Muhula wa tatu ni wiki 9 tu. Likizo ya Desemba haianzi Desemba, inaanza Oktoba, na ni ndefu kuliko muhula wenyewe. Kwao shule hufungwa Krismasi ikiwa tayari mlangoni, na mapema Januari watoto wamerudi. Kwa hivyo dada wa watu alijifunza majina ya watoto, akaanza kujua nani ni ndugu ya nani, na kabla hajamaliza, watoto wakaenda nyumbani kuvuna mahindi. Krismasi yenyewe bado iko mbali miezi miwili.

Swali lake lilikuwa rahisi. Nililijibu haraka na nililijibu vibaya, na ndiyo sababu naandika haya.

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma. Mtu wa biashara akiona trekta imesimama uwanjani Jumanne mchana, moyo unamuuma. Anahesabu: mkopo unaendelea, uchakavu unaendelea, na hakuna shilingi inayoingia. Sasa mimi nilimwangalia yule dada kwenye benchi nikaona trekta. Siku hiyo hiyo nikamtengenezea ratiba. Jumatatu, kupanga vitabu vya Shule ya Jumapili. Jumanne, kutembelea wagonjwa na akina mama. Jumatano, kompyuta na vijana. Alhamisi, mazoezi ya watoto ya Krismasi. Ijumaa, na hapa naomba mnivumilie, kuzunguka na mimi akipiga picha za choo cha watoto na paa linalovuja, ili awaandikie watu wa kwao.

Ratiba hiyo niliipeleka mbele ya kamati nikiwa na furaha zangu. Nikasema, "Wazee, tukimwacha akae bure miezi miwili, hiyo ni rasilimali imelala." Mzee mmoja ambaye huwa hasemi sana akauliza, "Pasta, rasilimali ni nani?" Watu wakacheka, tukaenda ajenda ya pili.

Wiki mbili dada alifuata ratiba bila kukosa hata siku moja. Wiki ya tatu hakuonekana. Nilimpigia simu, haikushikwa. Jioni Mama mwenyeji wake ndiye aliyenipigia, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Pasta, nimemkosea wapi huyu mtoto wa watu?" Nikauliza kwani kumetokea nini. Akasema jana usiku wakiwa mezani, dada aliweka mkono chini akamwuliza, "Mama, nikulipe ngapi kwa hizi wiki ambazo sifundishi?"

Nataka mlielewe hilo swali vizuri, kwa sababu mtu anaweza kudhani ni mambo ya pesa. Si pesa. Shirika lililomleta humpa Mama kiasi fulani kila mwezi cha chakula, na ni haki yake, chakula cha mtu mzima si mchezo. Dada analijua hilo. Pesa ilikuwa imelipwa. Lakini bado alijiona ana deni, na deni lenyewe hakujua ni la nini wala linalipwa wapi. Alikuwa anafikiri kwamba ugali anakula kwa sababu anafundisha. Kufundisha kumeisha, basi huu ugali ni wa nini?

Na Mama kwa upande wake alikuwa ameumia kwa sababu yeye alidhani ana binti nyumbani, kumbe binti alidhani yuko hotelini.

Niliporudi kulala sikulala. Nilijiuliza huyu msichana amefundishwa na nani kwamba asipofanya kazi hana mahali. Ningependa kusema ni mambo ya Ulaya, ati huko kila kitu ni saa na kazi. Lakini mtu wa mwisho kumpa somo hilo, kwa maandishi, likiwa na siku na masaa, nilikuwa mimi.

Kesho yake mchana nikachukua bodaboda mpaka kwa Mama. Huku kwetu Trans Nzoia mnajua Novemba inavyokuwa: kila boma lina turubai chini na mahindi juu yake, na kila mtu jicho moja liko kwa mawingu. Mahindi yasipokauka hadi unyevu ushuke asilimia 13.5, NCPB hawatayapokea, na ukiyaweka ghalani hivyo utakaribisha sumu ya kuvu. Basi niliwakuta watatu kando ya turubai. Nyanya, ambaye wao humwita Kukhu, yuko kwenye kiti chake na fimbo ndefu ya kufukuza kuku. Dada amekaa chini anapukuchua mahindi kwa mkono, vibaya kabisa, gunzi moja dakika tano. Na upande wa pili amekaa kijana wa Mama.

Huyu kijana pia mnamjua, au mlikuwa mnamjua. Alikuwa anapiga kinanda hapa. Ana digrii ya ualimu, amesajiliwa, na huu ni mwaka wa tatu anangoja TSC wamwite. Amewahi kuomba kufundisha kama mwalimu wa BOM katika hiyo hiyo shule jirani, wale walimu ambao bodi ya shule huwaajiri na wazazi huwalipa kwa michango. Akaambiwa hakuna pesa. Miezi michache baadaye akaja dada kutoka Ujerumani, ambaye hahitaji kulipwa, na akapewa Gredi ya 4 na ya 5.

Mimi nikaanza kusema na dada. Nikamwuliza hali, nikamwuliza kama anaumwa, nikamwambia ratiba inaweza kubadilishwa. Kijana akaacha kupukuchua akaniangalia. Kwa adabu kabisa, bila kupandisha sauti, akasema, "Pasta, umekuja kumwona yeye ama umekuja kutuona sisi?"

Sikuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba nilikuwa sijaingia boma hilo mwaka mzima.

Ndipo nikaona kitu ambacho sijaweza kukitoa kichwani. Watu wawili wamekaa kwenye turubai moja. Wote ni walimu. Wote hawafundishi. Wote wanakula kwa Mama. Mmoja tunasema ako likizo. Mwingine tunasema anakaa tu. Wa kwanza akikosa la kufanya, kanisa linaitisha kamati na kumtengenezea ratiba ya siku tano. Wa pili akikosa la kufanya miaka mitatu, kanisa linamwuliza mbona siku hizi hatoi ahadi ya mradi.

Kwa hivyo swali langu leo ni hili: mtu ambaye hana cha kutupa, kwa nini tumpe nafasi? Si swali la huruma. Nauliza kwa uzito. Je, mtu ana thamani gani mbele yetu siku ambayo mikono yake iko mitupu, na hiyo thamani inatoka wapi?

Kwanza tuseme ukweli kuhusu kujitolea, maana si jambo baya na mimi sitaki mtu atoke hapa akimwangalia dada vibaya. Mambo haya ya vijana kwenda nchi za mbali kusaidia yana historia. Waingereza walianza VSO mwaka 1958. Wamarekani wakaanzisha Peace Corps mwaka 1961, na mwaka huo huo walimu wao wa kwanza wakatua Ghana. Hapa Kenya walianza kufika 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Wazee wetu kadhaa walifundishwa hesabu na sayansi na hao vijana, na watakwambia kwa shukrani. Wakati huo shule zilikuwa zinafunguliwa na walimu waliosomea kazi walikuwa haba. Aliyekuja aliziba pengo lililokuwepo kweli. Leo hali ni nyingine. Leo mwalimu mwenye digrii anapukuchua mahindi kwa mamake. Zawadi ni ile ile, lakini imefika nyumba ambayo imebadilika, na zawadi isipouliza habari za nyumba inaweza kukalia kiti cha mwenye nyumba.

Mwaka 1968 kulikuwa na kasisi Mkatoliki, Ivan Illich, aliyealikwa Mexico kuzungumza na wanafunzi wa Marekani waliokuja kujitolea huko. Badala ya kuwasifu aliwaambia waziwazi kwamba kama wanataka kuja, waje kutazama, kupanda milima, kusoma, kuonja uzuri wa nchi, lakini wasije kusaidia. Maneno makali. Niliyasoma chuoni nikadhani ni mtu mwenye uchungu tu. Sasa naona alikuwa ameona kitu: kwamba mgeni anayekuja akiwa msaidizi peke yake hawezi kuketi. Akiketi anajiona mwizi. Lakini sikubaliani naye yote. Anafunga mlango wa kutoa kabisa, na mtu asiyeruhusiwa kutoa chochote pia hujiona si mtu. Kijana wetu ni shahidi wa hilo. Yeye hataki kuonyeshwa milima.

Tulikuwa na somo la maadili ya biashara, na mwalimu alipenda sana Kant, mwanafalsafa wa huko huko Ujerumani. Wazo lake moja lilinishika: kwamba mtu hapaswi kutumiwa kama chombo tu. Uzito wote uko kwenye hilo neno "tu". Kant hakukataza kutumia ujuzi wa mtu. Fundi wa paa namtumia, naye anatumia pesa yangu, hakuna dhambi. Dhambi inaingia paa likishaisha nikasahau kwamba anaitwa nani. Jaribio la kama nilimwona mtu au nilimwona chombo haliko siku ya kazi. Liko siku ya likizo.

Sasa tuingie kwenye Neno, na najua wengine mnamsubiri Martha na Mariamu. Nimeamua leo kuwaacha wapumzike, wametumika sana. Twendeni Shunemu.

Kule Shunemu kulikuwa na mama mwenye uwezo wake. Aliona Elisha anapita njia hiyo kila mara, akamshika ale chakula. Halafu akamwambia mume wake wamjengee chumba kidogo juu, na akataja vitu vya ndani: kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne. Nimevitafakari wiki hii nzima. Angalia kile ambacho hakipo. Hakuna ratiba ya huduma. Hakuna siku ya kuombea wagonjwa. Mama huyu alijenga mahali pa nabii kulala, si mahali pa nabii kufanya miujiza. Elisha akiwa amelala kitandani pale, Biblia inatuambia hivyo, amelala, ndipo akaanza kufikiri: huyu mama nimfanyie nini? Yaani hata nabii alisumbuliwa na deni lile lile la dada yetu! Akamtuma Gehazi aulize kama kuna jambo anataka apelekewe kwa mfalme au kwa mkuu wa jeshi. Hiyo ni ofa kubwa, wapendwa. Ni kama mtu akuulize, nikuitie gavana? Na yule mama akajibu kwa maana hii: mimi nakaa kati ya watu wangu. Basi. Hakuwa anauza chumba.

Najua hadithi inaendelea na mtoto anazaliwa. Lakini tusiharakishe kufika kwa muujiza kana kwamba ndiyo kodi ya chumba. Wakati mama anajenga hakuwa na habari. Alimpa mtu mahali kwa sababu mtu alikuwa anapita.

Hapa nasikia ndugu mmoja akisema, Pasta, unahubiri uvivu. Paulo si aliwaandikia Wathesalonike habari ya asiyefanya kazi na chakula? Aliwaandikia, na mimi nimehubiri andiko hilo mara nyingi, nadhani mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Lakini rudi ukalisome, 2 Wathesalonike 3:10. Paulo anasema juu ya asiyetaka. Shida anaiweka kwenye nia ya mtu, hamhukumu mtu kwa kukosa nafasi. Dada alikuja ofisini saa mbili na nusu na viatu vya kazi. Kijana ameandika barua za maombi mpaka anajua bei ya bahasha kwa maduka yote ya mji. Ukichukua andiko la mtu asiyetaka ukampiga nalo mtu aliyenyimwa, hujalihubiri, umelitupa kama jiwe.

Na Bwana Yesu mwenyewe alisimulia habari za watu kama hao. Mathayo 20. Mwenye shamba anatoka saa kumi na moja jioni anawakuta watu wamesimama. Anawauliza mbona mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi. Jibu lao ni fupi: hakuna aliyetuajiri. Mwenye shamba hakuwahubiria bidii. Hakuwaambia waanze biashara ndogo ndogo. Aliwaamini. Akawapeleka shambani, na jioni akawalipa dinari nzima, sawa na waliochomwa na jua tangu asubuhi. Nilipokuwa chuoni mfano huu ulinikera kweli. Hakuna kampuni inaweza kulipa hivyo ikaishi. Mpaka nikaelewa kwamba dinari ilikuwa riziki ya nyumba kwa siku moja, na watoto wa aliyeajiriwa jioni wanalala njaa sawa na wa aliyeajiriwa alfajiri. Mwenye shamba alipima tumbo, hakupima saa.

Hata hivyo nisiufanye mfano huo uwe mwepesi. Alimpeleka shambani. Hakumwachia dinari pale sokoni amesimama. Kuna heshima ya kupewa na kuna heshima ya kupewa kazi, na moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine. Nikimwambia kijana wetu "wewe ni wa thamani mbele za Mungu, keti tu," na Januari ikifika darasa liendelee kushikwa na mtu mwingine kwa sababu ni wa bure, nitakuwa nimemdanganya kwa kutumia jina la Mungu.

Andiko la tatu nitalipitia haraka. Katika Kutoka 23 Mungu anaagiza shamba lilimwe miaka sita, na mwaka wa saba liachwe lipumzike, na kile kitakachoota chenyewe maskini wale, na kitakachobaki wanyama wale. Sisi wakulima wa mahindi tunajua udongo unaochoka. Tunapanda Machi, tunavuna kuanzia Oktoba, Machi tena, mbolea juu ya mbolea. Kilichonishangaza ni kwamba shamba lililopumzika halikuhesabiwa kuwa halina kitu. Lilikuwa na chakula, ila si cha mwenyewe kuvuna na kuuza. Kilikuwa cha yule ambaye siku zingine angefukuzwa ukingoni.

Nikirudi kwa lile turubai. Mimi nilikaa. Nilivua koti, nikachukua gunzi. Hakuna aliyenikaribisha kwa maneno, Kukhu alinisogezea tu ungo. Dada hajui Kibukusu na Kukhu hajui Kiingereza wala Kijerumani, na Kiswahili chao wote wawili ni cha kuokoteza. Lakini niligundua kuna kitu kimekuwa kikiendelea hapo. Kukhu alimzika mwanawe mkubwa mwezi wa Juni. Tulikuja sote, tulichanga, tuliimba, tulikula, tukaenda. Mimi ndiye niliyesoma kiasi cha mchango kwenye spika. Tangu hapo, Mama ananiambia, watu wakija huja na kitu mkononi, wanasalimia, wanaomba, wanaangalia saa. Hakuna mtu aliyekaa na huyo mzee mpaka jua likazama, isipokuwa huyu msichana ambaye hakuwa na pa kwenda, na kijana ambaye pia hakuwa na pa kwenda. Dada hakujua hata kwamba kuna msiba. Sisemi alimfariji, sitaki kumtengenezea ushuhuda. Alikuwa anafukuza kuku.

Baadaye nilimwomba msamaha kwa ile ratiba, na hasa kwa Ijumaa. Alinyamaza kidogo, halafu akaniambia picha alizipiga lakini hakuzituma. Hakuweza kuandika barua kuhusu watoto ambao wako nyumbani kwao likizo, wanacheza. Aliona kama ni uongo. Nikamwuliza kuhusu Mama na lile swali la mezani. Akasema Mama alimjibu asubuhi yake. Alimpa ndoo ya maziwa apeleke kwa jirani, na alipouliza aseme inatoka kwa nani, Mama akamwambia, "Sema inatoka kwetu."

Kijana ni jambo gumu zaidi. Sikumwomba msamaha siku hiyo, nilikuwa naona aibu. Nilirudi Jumamosi. Tuliongea saa mbili, na mengi ya aliyoniambia si ya kuandikwa hapa. Moja ameniruhusu. Alisema aliacha kuja kanisani siku ile tuliposema wote wanaotoa elfu moja kwa ajili ya spika mpya wasimame wabarikiwe. Watu wakasimama karibu wote. Yeye akabaki ameketi kwenye kinanda, mbele, kila mtu anamwona. Nilikuwa mimi na maikrofoni.

Kuhusu shule, nimekwenda kumwona mwalimu mkuu. Dada mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba Januari darasa lishikwe na mwalimu aliyesomea na yeye awe msaidizi, wa nyimbo na wa wale watoto wanaosoma polepole. Mwalimu mkuu hana neno baya na hilo, lakini pesa ya BOM haipo, na hiyo ni kweli, wazazi wengi hawajamaliza michango ya muhula uliopita. Nimeomba kamati iangalie kama ule mfuko wa spika unaweza kulipa mshahara mdogo wa mwalimu mmoja kwa muhula mmoja. Mhazini ameniangalia vile wahazini huangalia. Kikao ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, na sijui kitaamua nini. Kuna wazee wanaona kanisa si mwajiri wa walimu, na hoja yao si ya kipuuzi. Tukianza na mmoja tutasimamia wapi? Kuna vijana wengi kwenye maturubai mengi.

Ratiba ya siku tano nimeifuta. Imebaki Alhamisi, mazoezi ya watoto, kwa sababu dada mwenyewe anayapenda, na kijana amesema ataangalia kama kinanda bado kinalia.

Mahindi ya Mama yalinyeshewa juzi usiku, yameanza upya kuanikwa. Nitakuwa huko Jumanne kuanzia saa nane mchana. Anayetaka kuja na aje, ni boma la tatu baada ya posho mill. Asilete kitu.